TAHARIRI: Usingoje tableti, hadithi ya Zombe inachoreka kwa simu

Chukua simu yako sasa hivi, andika neno "Kitui", kisha tafuta picha. Kuna uwezekano mkubwa utakutana na mto uliokauka, punda waliobebeshwa mitungi ya manjano, mama aliyeinama kwenye shimo la mchanga na foleni ya chakula cha msaada.

Picha hizo si za uongo. Ukame huja Ukambani, na ukija unauma. Lakini kama kwenu ni Zombe, Mutito au Mwitika, na kila Desemba unapanda gari kwenda kumwona susu, kuna jambo unalolijua ambalo picha hizo hazikwambii. Yule mama aliyeinama anachota maji. Yamo mle chini ya mchanga, na amejua yalipo tangu utotoni. Kamera imesimama juu ya mchanga, basi haioni zaidi ya hapo. Mchoro unaweza kuipasua ardhi kama unavyopasua embe, ukamwonyesha mtu wa Buruburu au Kayole maji yalikojificha.

Ndiyo sababu leo tunataka kuzungumza nawe kuhusu uchoraji wa kidijitali na usimulizi wa hadithi kwa picha. Hatuleti habari hii kwa sababu kuna jamaa huko TikTok anaapa kwamba utaunda laki moja kwa mwezi ukinunua kozi yake. Tunaileta kwa sababu mahali pasipochorwa na wenyeji huchorwa na wapita njia, na mpita njia huchora alichokiona dirishani.

Visanduku vitatu vinatosha

Tuanze na kazi yenyewe. Katika Kitui na Makueni kuna mabwawa mengi ya mchanga. Jaribu kumweleza mtu wa mjini kwa mdomo jinsi yanavyofanya kazi, utaona macho yake yakipotea. Sasa mchoree visanduku vitatu.

Cha kwanza: ukuta wa mawe na saruji umekatiza mto wa msimu, umesimama juu ya mwamba. Cha pili: mvua imenyesha, mto umeshuka kwa kishindo ukibeba mchanga, mchanga mzito unatua nyuma ya ukuta, tope jepesi linapita juu na kwenda zake. Cha tatu: misimu kadhaa imepita na mchanga umejaa hadi ukingoni. Juu panaonekana pakavu kabisa. Lakini umeikata ardhi kwa ubavu, na ndani ya mchanga umetia rangi ya buluu. Robo ya ujazo ule, au hata zaidi, inaweza kuwa maji yaliyojibana katikati ya chembe, mahali ambapo jua haliyafikii kwa urahisi na mbu hana pa kutagia.

Mtoto wa Gredi ya 4 akiviona visanduku hivyo ameelewa. Hukuhitaji kuchora kama malaika. Ulihitaji kujua unachokisema, kuchagua nyakati tatu muhimu, na kuacha mengine yote nje. Huo ndio msingi wa usimulizi wa picha, na hauuzwi dukani.

"Lakini sina tableti"

Hiki ndicho kilio kikubwa cha vijana. Ati huwezi kuanza hadi upate iPad, kwa sababu yule mchoraji unayemfuata mtandaoni anatumia Procreate, na Procreate haifanyi kazi kwenye simu za Android. Sawa. Lakini ibisPaint inafanya kazi kwenye simu ya kawaida. Krita ni ya bure kwenye kompyuta, na Inkscape, inayofaa sana kwa nembo na maandishi, nayo ni ya bure. Zipakue siku moja mahali penye Wi-Fi, na baada ya hapo Krita na Inkscape hazikuulizi bando. Kama huna kompyuta, ipo ya saiba, ya shule, au ya binamu yako anayeitumia kutazama mpira tu.

Kidole ni kinene mno kwa mistari midogo? Basi usianze kwenye skrini. Chora kwa penseli kwenye karatasi ya daftari, mchana, karibu na dirisha. Piga picha kwa simu ukiwa umeielekeza sawasawa juu ya karatasi. Ifungue picha hiyo ndani ya programu, ififishe hadi ionekane kwa mbali, kisha fungua tabaka jipya juu yake.

Tabaka ni nini? Fikiria karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, zimepangwa moja juu ya nyingine. Mchoro wa penseli umekaa chini kabisa. Juu yake unapitisha mistari safi. Kati ya hayo mawili unaweka rangi. Ukikosea rangi, unafuta tabaka la rangi peke yake na mistari inabaki salama. Ukimaliza, unalificha lile la penseli. Ukielewa matabaka, umeelewa nusu ya kila programu ya uchoraji duniani, ya bure na ya kulipia.

Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, hakungoja turubai wala rangi za mafuta za bei kali. Alitumia vipande vya ubao mwembamba wa ujenzi na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake ulibaki na jina lake. Miaka mingi baadaye uligeuzwa kuwa katuni za televisheni, Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa hapa Nairobi na kuonyeshwa hadi Uingereza. Vifaa vyake vilikuwa vile vilivyopatikana karibu na alipoishi.

Anza na nyeusi na nyeupe

Anayeanza hukimbilia rangi. Anafungua ile sahani ya rangi milioni, anamwaga zote, halafu anashangaa mbona mchoro unaonekana kama nguo za mitumba zilizomwagwa chini. Subiri kwanza. Jifunze mwanga na giza.

Ukambani kuna somo la zamani kuhusu jambo hili. Tarehe 3 Desemba 1849, mmishonari Johann Ludwig Krapf, akiwa Kitui kwa mwenyeji wake Kivoi, aliuona kwa mbali mlima wenye theluji. Inasimuliwa kwamba Wakamba waliuita Kiinyaa, kwa kuwa mwamba wake mweusi na theluji yake nyeupe viliwakumbusha manyoya ya mbuni dume. Krapf akaliandika jina hilo kwa namna yake, na baadaye likawa jina la nchi nzima. Fikiria kidogo. Kwa simulizi hiyo, jina la nchi yako ni mchoro wa rangi mbili, uliofanywa na watu waliojua kutazama.

Fanya nao zoezi hilohilo. Chagua kitu kimoja: jerikeni, mbuzi, kibanda cha M-Pesa. Kichore kwa rangi nyeusi, nyeupe na kijivu kimoja tu. Kisha kipunguze kwenye skrini hadi kiwe kidogo kama ukucha. Bado kinatambulika? Kama kinatambulika, umefaulu. Kama kimegeuka doa, rangi haitakiokoa. Wengi wataiona kazi yako kwenye simu, wakiipita kwa kidole gumba ndani ya matatu, kwa hiyo mtihani wa ukucha ndio mtihani wenyewe.

Ukishafaulu, ongeza rangi, lakini zisizidi tatu. Udongo mwekundu, anga, na kijani cha mwembe. Hizo zinatosha kumfanya mtu wa Kitui aseme, "Hapa napajua."

Halafu kuna jambo dogo linalowagharimu vijana kazi: ukubwa wa faili. Mchoro uliochora kwa ukubwa wa kuposti, tuseme pikseli 1080 kwa 1080, utatoka na ukungu ukichapishwa kwenye bango. Ukitaka karatasi ya A4 ya kuchapishwa vizuri, anza na pikseli 2480 kwa 3508. Kupunguza baadaye ni rahisi. Kuongeza ni kama kutia maji kwenye uji.

Hadithi iko kwenye gorogoro

Sasa una mistari, una mwanga, una rangi tatu. Utasimulia nini? Hapa ndipo wengi hukwama, kisha wanachora tena yule shujaa wa Marekani mwenye joho, au mhusika wa anime wa macho makubwa. Kunakili si dhambi. Mkono hujifunza hivyo. Lakini ukibaki hapo, utakuwa mnakili wa elfu kumi wa mtu ambaye tayari ana mchoraji wake.

Kila hadithi ya picha inauliza maswali matatu: ni nani huyu, anataka nini, na nini kinamzuia? Twende sokoni. Mkulima amefika na gunia la ndengu. Anataka karo ya shule. Anayemzuia ni broka.

Chora kisanduku cha mbali: soko lote, vilima nyuma, mkulima mdogo katikati ya watu. Kisha kisanduku cha kati: mkulima na broka uso kwa uso. Kisha sogea karibu kabisa, hadi tuone mkono na gorogoro peke yake. Broka anainunua ndengu kwa gorogoro iliyojazwa hadi ikafanya kilima na kumwagika pembeni. Kisanduku kinachofuata, tuko Nairobi. Mkono uleule, gorogoro ileile, ila sasa anauza: imesawazishwa kwa kijiti, na kitako chake kimebonyezwa ndani.

Hujaandika neno hata moja. Lakini kila aliyewahi kununua nafaka nchini ameelewa, na pengine ameguna. Mbali, kati, karibu: macho ya msomaji yanafuata umbali unaoupanga wewe. Ukitaka aone mazingira, kaa mbali. Ukitaka aone anachofichwa, sogea. Na ukilazimika kutia maneno kwenye kiputo, yawe machache. Mhusika asieleze kile ambacho mchoro umekwisha kukionyesha.

Waliotutangulia walilijua hili. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwenye kurasa za Taifa Leo kwa miongo kadhaa, na watu walilifungua gazeti kumtafuta. Mwaka 1973, Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe, lililomcheka na kumwonea huruma mwananchi wa kawaida wa Nairobi. Gado alitoka Dar es Salaam akajiunga na Nation mwaka 1992, na wanasiasa hawakulala vizuri tena. Februari 2010 likaja Shujaaz, jarida la vibonzo kwa Sheng, likiwa na kijana DJ B anayeendesha redio ya siri kutoka chumbani kwake. Mwaka 2012 lilitwaa tuzo ya kimataifa ya Emmy. Hawa wote walichora watu ambao msomaji angeweza kukutana nao akitoka nje ya nyumba.

Na nyumbani kwenu hadithi hazikosi. Kuna kinyonga aliyetumwa na Mungu apeleke habari kwamba watu watafufuka, akajivuta hadi ndege akamtangulia na habari nyingine. Kuna Syokimau, aliyetabiri nyoka mrefu atakayepita nchini kabla reli haijajengwa. Kuna jiwe la Nzambani, ambalo wanasema ukilizunguka mara saba unageuka jinsia. Susu anazo nyingine ambazo hazijawahi kuandikwa popote. Muulize akiwa bado anazikumbuka.

Utasikia mtu akisema sasa akili unde inachora, ya nini kujisumbua? Mashine hujifunza kutokana na picha zilizopo. Kama picha nyingi za Kitui zilizopo ni mto mkavu na punda, ukiiomba Kitui itakurudishia nini? Hiyo ni sababu ya kuchora zaidi.

Kazi yako, haki yako

Kuna jambo ambalo halifundishwi kwenye video za mafunzo, na linaumiza. Ukichora kwa hiari yako, hakimiliki ni yako tangu mchoro unapokamilika, na chini ya sheria ya Kenya hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ni hiari, lakini kunakupa ushahidi siku ya ugomvi.

Mambo hubadilika mtu anapokuagiza. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinasema kazi iliyoagizwa huhesabika kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Soma sentensi hiyo mara mbili. Maana yake, ukimchorea mwenye duka mhusika kwa elfu mbili bila makubaliano yoyote, kesho anaweza kumweka kwenye fulana, kwenye matangazo na kwenye magari, na usiwe na la kusema.

Kwa hiyo, kabla hujagusa skrini, andikianeni. Hata ujumbe wa WhatsApp ulio wazi ni bora kuliko maneno ya mdomo. Utachora nini na kwa siku ngapi? Atarekebishiwa mara ngapi bila malipo mapya? Mchoro utatumika wapi? Haki inabaki kwa nani? Na malipo ya kwanza yanaingia lini? Mteja anayekasirika kwa kuulizwa maswali hayo amekuonyesha mapema atakavyokuwa siku ya kulipa.

Wakubwa nao wasikie

Haitakuwa haki kumbebesha kijana mzigo wote. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa kaunti. Katika vyuo hivyo kijana hufunzwa ushonaji, useremala, umakanika. Ni ufundi mzuri. Tunaziomba serikali za kaunti za Kitui na Makueni ziongeze darasa moja: kompyuta chache zenye Krita na Inkscape, na mwalimu anayechora. Programu hazilipiwi. Kinachohitajika ni mashine, umeme na nia.

Walimu nao wana sehemu yao. Mtaala mpya umeipa sanaa mkondo wake katika shule za upili za juu, lakini mkondo wa kwenye karatasi hauna maana kama mtoto wa Zombe ataambiwa shule yake haina mwalimu wa kuufundisha, au kwamba kuchora ni kwa walioshindwa hesabu. Mzazi naye asiichane daftari iliyojaa katuni kabla hajaitazama. Hii ni nchi ambayo kila zahanati inahitaji mabango, kila mkulima anahitaji maelezo ya mbegu na dawa anayoweza kuyaelewa, na vitabu vya watoto vinahitaji picha zinazofanana nao. Nani atazichora?

Wewe unayesoma hapa, anza kidogo. Wiki hii chora kitu kimoja kila siku kwa dakika 15, kwa nyeusi na nyeupe. Wiki ijayo chora visanduku vitatu vya jambo unalolijua kuliko rafiki zako wote: safari ya kutoka Machakos Country Bus hadi Zombe, namna susu anavyopika isyo, au siku ya soko. Mwonyeshe mtu bila kumweleza neno, kisha umuulize ameona nini. Asipoelewa, rudi urekebishe mchoro, usianze kumfafanulia. Na ukienda nyumbani Desemba, mkiteremka mtoni kuchota maji, kaa kitako kwanza kwenye mchanga na utazame vile shimo linavyojaa polepole kutoka chini. Kisha lichore.